Abdur-Rahman as-Sufi, Mwislamu Aliyeandika Alichokiona Mbinguni



Sifa njema zote ni zake Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu Mwislamu, bila shaka umekwisha kuiona ile picha ya ua la mbinguni. Imebandikwa kwenye kuta za maduka, imechapishwa kwenye kalenda, na siku hizi inapita katika telefoni kutoka mkono hadi mkono. Ni duara lenye wekundu, kijani na buluu, limekunjana mfano wa waridi, na chini yake imeandikwa aya ya Sura ar-Rahman inayotaja mbingu kupasuka na kufanana na waridi. Wanaoieneza husema kwamba wataalamu wa Marekani wameliona ua hilo kwa darubini, basi Qur'ani imethibitika.

Juma chache zilizopita kijana mmoja wa msikiti wetu, anayefanya kazi machimboni, aliwaonyesha wenzake picha hiyo kwa furaha. Mmoja wao, aliyesoma zaidi, akamwambia kwamba rangi zile zimepakwa na watu na kwamba kitu chenyewe hakifanani hivyo. Wakamcheka. Alinijia baada ya sala, akaniuliza kwa sauti ya chini kama basi Qur'ani imekosea. Swali hilo ni zito, maana kijana alikuwa ameitundika imani yake kwenye msumari wa picha, na msumari ulipong'oka akadhani na imani imeanguka. Nitamjibu katika karatasi hii, yeye nawe pia. Lakini kwanza nataka nikujulishe mzee mmoja wa Kiislamu aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ambaye kazi yake yote ilikuwa maumbo na rangi za vitu vya mbinguni.

Jina lake ni Abul-Husayn Abdur-Rahman bin Umar as-Sufi. Alizaliwa katika mji wa Rayy, karibu na ilipo Tehran ya leo, mwezi 14 Muharram mwaka 291 wa Hijra, yaani Desemba 903. Zama zile ukhalifa ulikuwa Baghdad, lakini nguvu zilikuwa zikishikwa na watawala wa majimbo, na huko Uajemi waliinuka ukoo wa Bani Buwayh. Ugomvi wao wa kugombea miji hatuuhitaji hapa. Linalotuhusu ni kwamba baadhi yao walipenda elimu, wakaweka wanazuoni karibu nao.

As-Sufi alisoma ilmu ya falaki. Usiichanganye, ndugu yangu, na ule unajimu wa kupiga ramli, wa kumwambia mtu lini atapata mke au shimo gani lina madini. Falaki ni kuhesabu na kuangalia: nyota iko wapi, inachomoza lini, inang'aa kiasi gani. Bila elimu hiyo babu zetu wasingalijua nyakati za sala wala mwelekeo wa kibla, na msafiri wa jangwani au wa baharini angalipotea.

Mwaka 335 wa Hijra alikwenda mji wa Dinawar, alikoishi zamani Abu Hanifa ad-Dinawari, mwanachuoni aliyeandika juu ya nyota za Waarabu. Mwaka 337 alikuwa Isfahan. Katika safari hizo alikuwa pamoja na waziri mkubwa, Ibn al-Amid, mtu wa kalamu na vitabu. Humo njiani aligundua jambo lililomkera, naye akalieleza katika dibaji ya kitabu chake. Aliwakuta watu wa namna mbili wanaosifika kwa elimu ya nyota. Wa kwanza walifuata vitabu vya Wayunani. Wanajua hesabu, wana matufe yaliyochorwa nyota, lakini wamenakili kutoka kitabu hadi kitabu bila kuinua kichwa. Ukiwatoa nje usiku wakuonyeshe nyota waliyoiandika, hawaijui. Wa pili walifuata mapokeo ya mabedui juu ya nyota na mvua. Nao wengi wao walikuwa wakisimulia waliyoyasikia tu, jina la nyota wanalo, nyota yenyewe hawana.

Fikiri kidogo hapo. Mtu ametunga kitabu kizima cha nyota, na nyota ziko juu ya paa la nyumba yake kila usiku, wala hakupanda darini hata mara moja.

As-Sufi alipanda. Mtawala Adud ad-Dawla, aliyekuwa na makao yake Shiraz, alimfanya mwalimu wake wa nyota, na inasimuliwa kwamba alijivunia hivyo mpaka akiwa mtu mzima mwenye dola kubwa. Kwa ajili yake as-Sufi alitunga kitabu chake mashuhuri, Kitabu cha Maumbo ya Nyota Zisizohama, katika mwaka wa 964 au karibu nao. Umri wake ulikuwa umefika miaka 60. Msingi wake ulikuwa orodha ya Ptolemi wa Iskandaria, iliyofanywa miaka zaidi ya 800 kabla yake, yenye nyota kama 1,020 zilizopangwa katika makundi 48. Mahali pa nyota alipachukua kwa Ptolemi, akaongeza kiasi kilekile kwa kila nyota kwa sababu ya mwendo wa polepole wa mbingu. Kwa hesabu ya wataalamu wa Khalifa al-Ma'mun, mwendo huo ni digrii 1 kwa miaka 66. Wa leo wamepima wakapata kama miaka 72. Ptolemi alikuwa amesema 100. Lakini mwangaza wa nyota hakuuchukua kwa mtu. Aliziangalia nyota hizo moja baada ya moja kwa macho yake, akaandika ipi ni ya daraja la kwanza, ipi ya pili, mpaka ya sita, na katikati ya madaraja akaweka ndogo na kubwa. Pale alipotofautiana na Ptolemi alisema. Akazitaja pia nyota nyingi ambazo Ptolemi hakuzitaja.

Kila kundi alilichora mara mbili. Mara moja kama linavyoonekana ukisimama uwanjani ukatazama juu, na mara ya pili kama linavyokuwa juu ya tufe, ambapo kulia huwa kushoto, kwa sababu mwenye kutazama tufe ni kama aliye nje ya mbingu. Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu alijua msomaji wake atachanganyikiwa, atadhani kitabu kina makosa au mbingu ina makosa. Al-Biruni, mwanachuoni aliyekuja nyuma yake, amesimulia kwamba as-Sufi alikuwa akilaza karatasi nyembamba mno juu ya tufe na kufuatiza mistari yake, ili mkono usizidishe wala kupunguza.

Sasa rangi. Wengi wetu tunadhani nyota zote ni nyeupe. As-Sufi aliandika wekundu wa Dabarani, ile inayofuata Kilimia, na wekundu wa Moyo wa Nge, ambao wewe wa Kolwezi unauona juu ya kichwa chako katika miezi ya kiangazi, Juni na Julai. Ipo nyota iitwayo Shi'ra, iliyotajwa katika Sura an-Najm kwamba Mola wake ni Allah. Ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Ptolemi aliitia katika nyota za wekundu-wekundu. As-Sufi alipofika hapo hakuandika wekundu huo, ingawa kitabu cha mkubwa wake kilikuwa wazi mbele yake. Itazame leo: ni nyeupe inayoelekea buluu.

Rangi hizo si pambo tu. Wewe uliyekaa karibu na tanuru unajua kwamba chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, kikizidi tena huwa cheupe. Nyota ni hivyo hivyo. Bega la Jabari, jekundu, lina joto la digrii kama 3,500 usoni mwake, na Shi'ra inakaribia 10,000. Haya as-Sufi hakuyajua. Aliandika rangi, na waliokuja baadaye wakaweza kuisoma.

Nakuomba uwe makini na hapa, maana ndipo jina lake lilipobaki duniani. Katika kundi la Mwanamke Aliyefungwa Minyororo, ambapo Waarabu walichora pia samaki mkubwa, as-Sufi aliona kwenye kinywa cha samaki kitu kisichokuwa nyota. Nyota ni nukta. Hiki kilikuwa kama doa la wingu, kidogo, chenye ukungu. Hakukiita malaika, hakukiita mlango wa mbinguni, hakutafuta aya ya kukibandikia. Alikitaja kuwa ni doa lenye wingu, akakichora kwa vidoti kwenye picha yake, akaendelea na nyota inayofuata. Hilo ndilo andiko la kwanza linalojulikana duniani juu ya kitu hicho.

Zikapita karne sita na nusu. Mwaka 1612 Mjerumani Simon Marius alikielekezea darubini, akaona mwanga hafifu tu. Mwaka 1764 Mfaransa Charles Messier akakipa namba 31 katika orodha yake. Watu wakabishana: ni moshi ulio karibu nasi au ni kundi la nyota lililo mbali? Mwaka 1923 Edwin Hubble, huko California, akaona ndani yake nyota moja ambayo mwanga wake hupanda na kushuka kwa majira, na kwa nyota hiyo akapima umbali. Doa la as-Sufi lilikuwa galaksi nyingine kabisa, nje ya hii yetu, yenye nyota mamia ya mabilioni. Leo umbali wake unajulikana: nuru yake husafiri miaka milioni 2 na nusu hata itufikie. Umbo lake ni sahani iliyozunguka kama maji yanayoingia shimoni. Katikati ni ya manjano kwa sababu ya nyota za zamani, na mikononi ina ubuluu wa nyota changa zenye joto kali.

Mzee wa Shiraz hakuwa na darubini. Darubini ilikuwa haijatengenezwa. Alikuwa na jicho, subira na adabu ya kutosema zaidi ya alichokiona.

Adabu hiyo inaonekana pia alipofika kusini. Chini ya nyota Suheli, aliandika, kuna nyota ambazo hazionekani Iraki wala Najd, lakini watu wa Tihama, kusini mwa Bara Arabu, wanaziona na kuziita Ng'ombe. Yeye mwenyewe hakuwa amezijua, na Ptolemi hakuzitaja; as-Sufi akalisema hilo waziwazi, kwamba ni habari ya wengine. Wapo wataalamu wanaoona kwamba hapo palikusudiwa lile Wingu Kubwa la kusini, galaksi ndogo iliyo jirani yetu, na wapo wanaokataa. Vyovyote iwavyo, wewe unaliona. Kolwezi iko kusini ya ikweta, na kuanzia Desemba hadi Februari, mvua ikikatika na usiku ukawa safi, ukitazama kusini utaona kiwingu cheupe kisichohama na upepo. Kile ambacho mtaalamu mkubwa wa nyota hakujaliwa kukiona, kipo nyuma ya nyumba yako.

Aliendelea kufanya kazi katika uzee. Mwaka 359 wa Hijra huko Shiraz alipima jua kwa pete kubwa iliyotengenezwa kwa jina la mtawala, mbele ya wanazuoni mashahidi. Aliandika kitabu juu ya astrolabu, chombo cha kupimia nyota na nyakati. Alimtengenezea Adud ad-Dawla tufe la fedha, uzito wake dirhamu 3,000, kama kilo 9; mwaka 1043 tufe hilo lilikuwa bado likionekana katika maktaba ya Cairo. Adud ad-Dawla alikufa mwaka 983. Mwalimu wake akamfuata mwezi 13 Muharram mwaka 376 wa Hijra, yaani Mei 986, akiwa amebakiza siku moja atimize miaka 85 kwa hesabu ya mwezi. Ulugh Beg wa Samarkand, alipofanya orodha yake ya nyota mwaka 1437, nyota za kusini asizoweza kuziona alizichukua kwa as-Sufi. Hata kwenye uso wa mwezi kuna shimo kubwa lililopewa jina lake kwa matamshi ya Kilatini, Azophi.

Sasa turudi kwa kijana wetu na ua lake.

Kitu kilicho katika picha ile kipo kweli. Wazungu wanakiita Jicho la Paka. Ni nyota iliyozeeka inayotoa hewa yake ya nje, tabaka juu ya tabaka, na hewa hiyo inang'aa. Kiko mbali sana kaskazini. Kwetu kinapanda kidogo tu juu ya upeo, na bila darubini hakionekani popote. Agosti 1864 Mwingereza William Huggins alipitisha nuru yake katika kioo kinachotawanya rangi. Alitarajia ukanda wa rangi zote kama nuru ya nyota, akaona mistari michache tu, na mkubwa wao ni wa kijani. Akajua kwamba ile si nyota nyingi pamoja, ni hewa. Mstari ule wa kijani ulisumbua watu zaidi ya miaka 60 mpaka ikajulikana kuwa ni oksijeni, iliyo katika hali isiyopatikana kwa urahisi hapa ardhini.

Jambo hili wewe wa Lualaba usilione la kigeni. Shaba ikitiwa katika ndimi za moto, moto unakuwa wa kijani. Mchimbaji akiona kijani cha malakiti anajua shaba ipo, akiona jiwe jeusi la kobalti anajua ashike lipi. Unasoma kilichomo kwa kutazama rangi. Huggins alifanya hivyo kwa kitu kilicho mbali kiasi kwamba mguu wa mtu hautafika.

Lakini picha inayozunguka ilitoka kwenye darubini ya Hubble, iliyorushwa angani mwaka 1990. Picha yenyewe ilipigwa mwaka 1994. Ilipigwa mara tatu: mara moja kwa nuru ya haidrojeni, mara moja kwa oksijeni, mara moja kwa naitrojeni. Nuru zote tatu zilizochaguliwa, kwa jicho la mwanadamu, ni nyekundu. Kama zingeachwa hivyo, ingekuwa duara jekundu tupu, usiweze kutenganisha hewa hii na ile. Basi wataalamu wakaiacha haidrojeni nyekundu, oksijeni wakaipa buluu na naitrojeni wakaipa kijani. Hawakudanganya, walieleza rangi ipi inasimama badala ya nini. Ukichukua ramani ya nchi yetu, mto Lualaba umepakwa buluu. Wewe uliyeuvuka wakati wa masika unajua maji yake yana rangi gani, na humwiti mchora ramani mwongo. Mwongo ni yule anayekata maelezo ya chini, akaibandika aya mahali pake, akakupa.

Basi mwenzako wa machimboni alisema kweli kuhusu rangi. Na ile aya, kwa mujibu wa wafasiri, inazungumzia Siku ya Kiyama, mbingu itakapopasuka. Haizungumzii nyota moja inayozeeka leo, nyingine ya aina yake ikiwa hapa na nyingine pale, maana ziko maelfu. Kilichoanguka ni maneno ya mchapisha kalenda. Qur'ani haikumtuma.

Kila mwaka Shaabani ikiisha tunawaita mashahidi wa mwezi. Mtu akija tunamuuliza: umeuona kwa macho yako, au umeambiwa? Akisema ameambiwa, tunamshukuru, tunamwomba akae pembeni. Hatumwonei. Tunafanya hivyo kwa mwezi ulio karibu, kwa ajili ya saumu ya siku moja. Sijui kwa nini jambo la kushuhudia maneno ya Allah tulifanye jepesi kuliko hilo.

Nimeulizwa pia kama inafaa Mwislamu kutazama nyota. Inafaa, na itafaa zaidi ukianza na lile doa la as-Sufi. Subiri mwanzoni mwa Novemba, usiku ambao mvua imepumzika na mwezi haupo. Toka mbali na taa za migodi. Ukiweza kufika ufuoni mwa ziwa Nzilo, upande wa kusini, vizuri zaidi. Ukishaswali Isha, mnamo saa mbili usiku, simama vilevile ulivyokuwa ukielekea kibla. Nyoosha mkono, hesabu ngumi tatu kutoka chini upeoni kwenda juu. Juu zaidi ya hapo utaona nyota nne zilizofanya umbo la mkeka mkubwa wa pembe nne. Kutoka pembe ya chini kulia, fuata mstari wa nyota unaoteremka kulia, hesabu mbili. Ya pili ina wekundu kidogo. Kutoka hiyo geuka kushoto na chini, upite nyota mbili ndogo.

Usitegemee waridi. Jicho letu gizani halishiki rangi. Hata kitenge chekundu na cha kijani, vikiwa kwenye kamba usiku, huonekana sawa. Utaona doa la kijivu, kama pumzi juu ya kioo. Usilikazie macho, tazama pembeni yake kidogo, litajitokeza. Mwonyeshe na mtoto, umwulize anaona nini kabla hujamwambia.

Wabillahi tawfiq.